Kijiji cha Aro: Mgonjwa, Ndugu Anayemuuguza na Mwenye Nyumba

Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili Thomas Adeoye Lambo, akiwa na umri wa miaka 31, alishika uongozi wa hospitali ya Aro, pembezoni mwa Abeokuta, mji aliozaliwa kusini-magharibi mwa Nigeria. Majengo ya hospitali hiyo yalikuwa hayajakamilika. Wodi za kulaza hazikuwa tayari, ilhali wagonjwa walikuwepo na familia zilizokuwa nao zilihitaji msaada. Badala ya kusubiri mafundi wamalize kazi, Lambo alizungumza na wakuu wa vijiji vilivyopakana na hospitali, akawaomba wakubali wagonjwa wapange vyumba kwa wanakijiji wakiwa na ndugu zao, ili washinde hospitalini mchana na kulala kijijini usiku. Mpango huo ulioanza kwa kuziba pengo la wodi ndio uliokuja kujulikana duniani kama mfumo wa kijiji cha Aro, na hadi leo hutajwa karibu kila panapojadiliwa huduma za utengamao, yaani za kumrudisha mtu kwenye maisha na shughuli zake, kwa watu wanaopona magonjwa ya akili barani Afrika.

Kwa kawaida Aro husifiwa kwa maneno ya jumla: ilirudisha utu wa mgonjwa, iliheshimu utamaduni, ilithibitisha kwamba jamii ya Kiafrika huwatunza watu wake. Sifa hizo zina ukweli wake, lakini zinaficha swali ambalo afisa ustawi wa jamii au muuguzi wa wilaya angeliuliza kwanza, yaani ni kitu gani hasa katika mpango ule kilichomrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake, na kitu hicho kiligharimiwa na nani. Naona kwamba nguzo ya Aro ilikuwa muda wa ndugu mmoja aliyeacha shughuli zake akaenda kumuuguza mwenzake, na kwamba muda huo haukuwahi kuandikwa kwenye hesabu za mtu yeyote. Mengine yote, pamoja na kijiji chenyewe, yalijengwa juu yake.

Hali ilivyokuwa kabla

Huduma za wagonjwa wa akili katika Nigeria ya kikoloni zilikuwa za kufungia watu. Vituo vya Calabar na Yaba, vilivyofunguliwa mwaka 1904 na 1907, vilikusudiwa kuwaondoa mitaani watu walioonekana kuwa hatari au kero, na kwa muda mrefu havikuwa na daktari bingwa wala tiba ya kueleweka. Huko Abeokuta kwenyewe, mwaka 1944, jengo la Lantoro lililokuwa gereza liligeuzwa kuwa mahali pa kuwahifadhi askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia wakiwa wameugua akili. Aro ilikua kutokana na mzizi huo. Ni vizuri kulikumbuka jambo hili, kwa sababu mfumo uliokuja kusifiwa kwa uwazi wake ulizaliwa jirani kabisa na kuta za gereza.

Fikra zilizotawala nazo zilikuwa nzito kuliko kuta, na hapa kisa cha Aro kinagusana moja kwa moja na Afrika Mashariki. J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali ya Mathari jijini Nairobi kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, aliandika ripoti iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba utendaji wa ubongo wa Mwafrika wa kawaida unafanana na wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilimwita kuandika kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Lambo aliyapinga maandishi ya aina hiyo hadharani, akayaona kuwa ni hadithi zilizovalishwa joho la sayansi huku zikibeba ubaguzi wa rangi. Upinzani huo haukuwa wa kisomi tu. Mtu anayeamini kwamba mgonjwa wa Kiafrika hana undani wa nafsi haoni sababu ya kumpangia chumba, kumrudisha sokoni au kuzungumza na mama yake, kwa maana anachokiona mbele yake ni kiumbe cha kutulizwa tu.

Siku ya mgonjwa ilivyokwenda

Sharti la kupokelewa lilikuwa moja, nalo halikuwa na mjadala: mgonjwa aje na angalau ndugu mmoja wa kukaa naye. Angeweza kuwa mama, dada, kaka au shangazi, ilimradi awe mtu wa kumpikia, kumfulia, kumsindikiza hospitalini asubuhi na kumrudisha alasiri. Hospitalini mgonjwa alipata tiba zilizokuwepo duniani wakati huo, zikiwemo mshtuko wa umeme, na katika miaka hiyo hiyo ya 1950 dawa mpya ya klopromazini, ambayo iliwezesha wengi waliokuwa wakihangaika usiku na mchana kutulia kiasi cha kuweza kuketi na watu. Alasiri alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, mtaani kwa watu wengine, akasikia wenye nyumba wakijadili bei ya mihogo na watoto wakigombana. Waliopata nafuu walishiriki kazi za shamba, ibada, ngoma na shughuli nyingine za kijiji kadiri walivyoweza.

Tuitazame asubuhi moja kwa karibu zaidi. Mama amelala chumba kimoja na kijana wake aliyekuwa akisikia sauti. Anajua kama amelala au amekesha, kwa sababu na yeye hakulala. Anampa uji, anamsubiri anawe, anaona kama mikono inatetemeka kuliko jana, kisha wanatembea pamoja hadi hospitalini, na huko muuguzi anamuuliza usiku ulikuwaje. Taarifa anayoitoa mama huyo haimo katika faili lolote la wodi. Baada ya miezi kadhaa ya asubuhi kama hizo anakuwa amejifunza dawa inavyomfanya mwanawe, ni dalili zipi hutangulia ugonjwa kurudi, na ni maneno gani humpandisha hasira na yapi humtuliza. Anaporuhusiwa mgonjwa, anayerudi nyumbani si yeye peke yake, kwani anafuatana na mtu aliyekwisha kufundishwa kumuuguza, hata kama hakuna cheti alichopewa.

Hili ndilo jambo la kitabibu lililokuwa na uzito mkubwa kuliko yote katika Aro, nami naona halijapewa nafasi yake. Leo tafiti nyingi zinakubaliana kwamba familia inapofundishwa kuhusu skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, na namna ya kuishi na mgonjwa, uwezekano wa ugonjwa kurudi hupungua. Aro ilifanya mafunzo hayo bila kuyaita mafunzo na bila kuyatengea darasa.

Upande wa pili wa faida ni madhara ambayo mgonjwa aliepushwa nayo. Mwaka 1959 daktari Mwingereza Russell Barton alieleza jinsi wagonjwa waliokaa wodini miaka mingi walivyopoteza ari, wakaacha kujali mavazi yao, wakawa wanangoja kuambiwa waamke, wale, walale, na akasema kwamba hali hiyo ilisababishwa na maisha ya hospitali yenyewe zaidi kuliko na ugonjwa uliowapeleka pale. Anayefanya kazi ya utengamao anaijua hali hii vizuri: mtu ametulia kabisa, sauti zimekwisha, lakini ukimpa fedha akanunue sabuni anashindwa aanzie wapi. Mgonjwa wa Aro hakufikishwa huko, kwa kuwa mambo madogo ya kila siku, kama kuchota maji, kumsalimia mwenye nyumba na kuvuka barabara, hayakuondolewa mikononi mwake hata alipokuwa bado anaumwa.

Mwenye nyumba na maslahi yake

Wanavijiji hawakupokea wagonjwa kwa huruma peke yake, na Lambo hakuitegemea huruma yao. Walilipwa kodi ya vyumba. Wenye nyumba walikopeshwa fedha za kujenga na kupanua nyumba zao ili wapate vyumba vya kupangisha. Vijiji vilipata maji ya bomba, vyoo vya shimo na kikosi cha kupambana na mbu, mambo ambayo vijiji vingine vya kiwango chao havikuwa nayo. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba hospitali iliwalipa majirani gharama ya kuishi na wagonjwa, na ililipa kwa vitu wanavyotumia wote, akiwemo jirani ambaye hakumpangisha mgonjwa hata mmoja.

Kuna wanaoliona hilo kuwa doa, kana kwamba ukarimu unaolipiwa haufai kuitwa ukarimu. Siafikiani nao. Kampeni za kupunguza unyanyapaa katika nchi zetu hutumia fedha nyingi kwa mabango na mikutano ya kuwaomba watu wabadili mitazamo, na watu huitikia vizuri mkutanoni kisha wakarudi nyumbani wakafunga milango. Mwanakijiji wa Aro hakuombwa abadili mtazamo. Alipewa mpangaji, akapata kodi, akamwona mpangaji huyo kila siku kwa miezi, akagundua kwamba siku nyingi ni mtu wa kawaida tu mwenye siku mbaya za hapa na pale. Mtazamo ulibadilika nyuma ya maslahi na mazoea, kama unavyobadilika katika mambo mengine mengi ya maisha.

Hata hivyo maslahi yana upande wake mwingine, na mchambuzi hana budi kuutaja. Uchumi wa kijiji unaposimama juu ya kodi za wagonjwa, hakuna mwenye nyumba anayefaidika mgonjwa akipona haraka. Ulinzi pekee dhidi ya hatari hiyo ulikuwa kwamba uamuzi wa kumruhusu mgonjwa ulibaki kwa hospitali, na kwamba ndugu mwenyewe alikuwa na hamu kubwa ya kurudi kwao. Mji wa Geel nchini Ubelgiji, ambako familia zimewapokea wagonjwa wa akili majumbani kwa karne nyingi, haukuwa na ulinzi huo wa pili, na wapo wapangaji waliozeekea kwa wenyeji wao. Kwa Geel huo ni ufanisi, kwa maana mgonjwa amepata kwao mpya. Kwa Aro ungekuwa ni kushindwa, kwa sababu lengo lake lilikuwa kumrudisha mtu alikotoka.

Waganga

Sehemu ya kisa hiki inayopendwa sana na waandishi ni uamuzi wa Lambo wa kuwaajiri waganga wa jadi wa Kiyoruba. Niieleze kwa ufupi, maana uzito wake umekuzwa. Waganga walishirikishwa katika shughuli za kijamii na za vikundi, na walimsaidia Lambo kuelewa namna wagonjwa na familia zao walivyoeleza chanzo cha maradhi. Dawa za hospitali zilibaki mikononi mwa madaktari na wauguzi. Faida ya ushirikiano huo ilikuwa wazi hasa kwa ndugu anayeuguza, ambaye hakulazimika tena kuchagua kati ya hospitali na mganga, wala kumficha muuguzi kwamba nyumbani kuna tambiko linalosubiriwa. Lakini waganga hawafanani. Katika sehemu nyingi za Afrika, ikiwemo Afrika Mashariki, wapo wanaowafunga wagonjwa minyororo na kuwanyima chakula kwa jina la tiba, na hakuna lolote katika kisa cha Aro linaloruhusu mtu kuyafumbia macho hayo kwa kisingizio cha utamaduni.

Mfumo ulivyopoteza nguvu

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 jina la Aro lilikuwa limevuka mipaka. Mwaka 1961 mkutano wa kwanza wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Afrika nzima ulifanyika Abeokuta, na mwaka huo huo Lambo na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani walifanya utafiti wa pamoja kuhusu afya ya akili miongoni mwa Wayoruba. Baadaye Lambo alihamia Chuo Kikuu cha Ibadan, akawa makamu mkuu wa chuo hicho mwaka 1968, akaenda Geneva mwaka 1971 na kupanda hadi kuwa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, nafasi aliyoishikilia hadi mwaka 1988. Alifariki mwaka 2004. Hospitali aliyoiacha ipo mpaka sasa. Inamilikiwa na serikali kuu ya Nigeria, inalaza wagonjwa wodini na kufundisha wataalamu. Vijiji vya wapangaji ndivyo vilivyofifia.

Ni rahisi kusema kwamba vilififia kwa kuondoka mwanzilishi, na bila shaka kuondoka kwake kulichangia, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu udhaifu ulikuwamo ndani ya sharti lile la kwanza. Mpango ulihitaji mtu mzima mwenye afya aache kazi zake kwa wiki na miezi. Katika kaya ya wakulima yenye watu wengi, ambamo kazi hugawanywa na msimu hungojwa, jambo hilo liliwezekana ingawa lilikuwa na maumivu yake. Katika kaya inayoishi kwa mshahara, ambamo asiyefika kazini hulipwa nusu au hufukuzwa, lilikuwa jambo zito mno. Nigeria ya miaka ya 1970, yenye fedha za mafuta na miji inayovimba, ilizidi kuwa nchi ya kaya za aina ya pili. Watoto walikwenda shule, vijana wakaenda Lagos, na shangazi aliyekuwa akipatikana kila panapotokea ugonjwa akawa na genge lake sokoni la kulinda. Mama, dada na shangazi wanaotajwa miongoni mwa ndugu wale wanatukumbusha kwamba mzigo huu huwaangukia zaidi wanawake. Anayesema kwamba huduma ya Aro ilikuwa nafuu kuliko wodi, kama Lambo mwenyewe alivyosema, anasema kweli kwa upande wa hazina ya serikali tu.

Upo pia udhaifu ambao haukutokana na fedha. Kijiji cha Aro hakikuwa kijiji cha mgonjwa. Aliyetoka mbali aliponea miongoni mwa watu waliozoea wagonjwa na waliofaidika na kuwepo kwao, kisha akarudi kwa majirani waliomwona akivua nguo barabarani na ambao hakuna aliyewahi kuwapa maji ya bomba ili wamvumilie. Zaidi ya hayo, asiye na ndugu wa kumleta hakuwa na mlango wa kuingilia, naye mara nyingi ndiye aliyekuwa na hali mbaya kuliko wote. Mfumo uliosifiwa kwa kuwakumbatia watu ulianza kwa kuwachuja.

Ibadan ilikuwa miongoni mwa vituo tisa vya utafiti mkubwa wa skizofrenia ulioendeshwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na matokeo yake yalionyesha kwamba wagonjwa wa nchi zinazoendelea, kwa wastani, walikuwa na maendeleo mazuri zaidi baada ya miaka miwili kuliko wale wa nchi tajiri. Wengi waliyachukua matokeo hayo kuwa uthibitisho kwamba familia ya Kiafrika ni tiba. Watafiti wa baadaye wametilia shaka tafsiri hiyo kwa hoja nyingi. Mimi naongeza moja ya kawaida kabisa: hata kama familia ni tiba, tiba hiyo huisha akiba yake inapotumiwa bila kujazwa.

Njia za karibu na kwetu

Tanzania ilijaribu njia inayokaribiana na Aro lakini yenye mpangilio tofauti. Ilianzisha vijiji vya utengamao vya kilimo vilivyohusishwa na hospitali, kama Hombolo kwa upande wa Mirembe mjini Dodoma na Vikuruti kwa upande wa Muhimbili jijini Dar es Salaam. Hapo mgonjwa aliyetulia hulima na kufuga chini ya uangalizi kabla ya kurudi kwao. Pale ambapo mgonjwa halazimiki kuja na ndugu, mlango uko wazi hata kwa yule ambaye Aro ilimchuja. Kinachokosekana hapo ni kile ambacho Aro ilikuwa nacho kwa wingi: mtu wa nyumbani anayejifunza siku kwa siku kuishi na mgonjwa. Kijana anaweza kulima vizuri Vikuruti, akarudishwa kwa familia ambayo mara ya mwisho ilimwona amefungwa kamba, na isiyojua kwamba akikosa usingizi siku tatu mfululizo anapaswa kupelekwa kliniki kabla hajaanza kuvunja vitu.

Ethiopia imechukua njia ya tatu. Wahudumu wa ngazi ya jamii wasio na taaluma ya udaktari walipewa mafunzo, wakawa wanawatembelea watu wenye skizofrenia majumbani kwao vijijini, wakizungumza na familia na majirani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja ulemavu unaotokana na ugonjwa ulipungua kuliko kwa wale waliopata huduma ya kituo cha afya peke yake. Hapa anayesafiri ni mhudumu, ndugu habanduki shambani, na majirani wanaozungumzwa nao ni wale wale ambao mgonjwa ataishi nao. Kwa maoni yangu huu ndio urithi halisi wa Aro, ingawa hauna chumba cha kupanga wala mganga.

Lakini hata mhudumu huyo akishaondoka, chungu cha jioni kinabaki mikononi mwa yule yule. Wauguzaji wa kwetu husema dawa za akili zinataka chakula, na hawakosei, maana nyingi kati ya hizo huongeza njaa, na mgonjwa anayeshinda na njaa huziacha mapema. Halmashauri inayopanga huduma ya utengamao kwa kuiga Aro, Vikuruti au Ethiopia itaandika katika bajeti yake dawa, posho ya mhudumu na mafuta ya pikipiki. Nauli ya ndugu kwenda kliniki kila mwezi, kipato anachokipoteza siku hiyo, na kilo za unga zinazoongezeka katika kaya tangu mgonjwa aanze dawa ni mambo yanayohesabika pia, nayo yanapaswa kupewa fungu lake kabla fedha za mradi hazijaanza kugawanywa.